Tela la kuishi Marekani: kukaa kunalipika, kuhama ndiko kunakokula pesa

Mwaka juzi shemeji yangu alinipigia simu kutoka Ohio. Ni muuguzi wa mikataba, wale wanaofanya wiki 13 hospitali hii, wakimaliza wanahamia jimbo lingine kwa wiki 13 nyingine. Alikuwa amechoka kupanga nyumba za muda kwa bei ya kuumiza, na siku hiyo ameona tela la kuishi linauzwa: jiko, choo, bafu, kitanda cha wazazi mbele, dabo deka ya watoto nyuma. "Shem, tela lina uzito wa paundi 7,000. Pikapu yetu imeandikwa inavuta 11,000. Si tumemaliza hapo?"

Nikamwomba afungue mlango wa dereva anisomee kibandiko.

Swali hilo naulizwa mara kwa mara na Waswahili wenzangu huku, wauguzi, mafundi wa mabomba ya mafuta, watu wa maghala, na karibu kila mara limechanganya mambo mawili yenye hesabu tofauti kabisa. Kuna gharama ya kulivuta tela, na kuna gharama ya kukaa ndani yake. Hiyo ya pili ni nafuu, wakati mwingine nafuu ya kushangaza. Ya kwanza inaweza kuimeza nafuu yote hiyo, na ikikosewa inaua watu barabarani.

Turudi mlangoni. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko cha matairi na mizigo, kinachosema watu na mizigo kwa pamoja wasizidi uzito fulani. "Kimeandikwa 1,500," akasema. Tukaanza kujumlisha. Yeye, mumewe na watoto wawili ni paundi 500. Chuma cha kuunganishia tela, pamoja na vyuma vyake vya kugawa uzito, ni 90. Kisha ikaja pua ya tela. Tela la namna hii halijibebi lote kwa magurudumu yake. Pua yake inaegemea nyuma ya pikapu, na inatakiwa iegemee kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Tukachukua 13. Asilimia 13 ya 7,000 ni 910. Jumla 1,500 kamili. Kilo 680 zimekwisha, na bado hajapakia begi moja, jenereta, wala baiskeli ya mtoto nyuma ya pikapu.

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kiwanda kilimdanganya. Hakikumdanganya. Ile 11,000 ni uwezo wa kuvuta, unaohesabiwa gari likiwa karibu tupu. Kubeba ni jambo lingine, na pikapu za familia hufika mwisho wa kubeba mapema zaidi kuliko mwisho wa kuvuta. Muuzaji atakutajia namba ya kuvuta kwa sababu ndiyo kubwa. Ya kubeba iko mlangoni, na hutofautiana hata kwa pikapu mbili za jina moja na mwaka mmoja, kwa kuwa viti vya ngozi, paa la kioo na injini nzito vyote vinakula uzito ule ule. Namba ya kwenye tangazo haitoshi. Soma kibandiko cha gari lenyewe unalolinunua.

Wapo wanaojaribu kuikwepa hesabu hii kwa kuhamishia mizigo nyuma kabisa ya tela ili pua iwe nyepesi. Nawaomba msifanye hivyo. Tela lenye pua nyepesi huanza kuchezesha mkia. Lori kubwa likikupita, hewa yake inalisukuma tela pembeni, nalo linarudi, linapitiliza, linarudi tena kwa nguvu zaidi, na ndani ya sekunde chache linaiyumbisha pikapu yenyewe. Ukikanyaga breki kwa hofu unalizidishia. Kinachosaidia wakati huo ni kuachia mafuta taratibu, kushika usukani bila kupambana nao, na kubana breki za tela peke yake kwa kile kitufe cha mkono kilichofungwa karibu na usukani. Lakini kinga yake iko nyumbani, wakati wa kupakia.

Halafu kuna hiyo 7,000 yenyewe. Matela yana namba mbili za uzito, na tangazo hupenda kuonyesha ile ndogo, ya tela likiwa tupu kama lilivyotoka kiwandani. Haina maji, haina gesi, haina sufuria. Tangi la maji safi la galoni 50 ni lita 189, na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, hizo ni kilo 189 ambazo tangazo halikuzitaja. Anayekwenda kupumzika wikendi anapakia kidogo. Anayehamia humo anaweka nguo za majira manne, sare za kazi, vitabu vya watoto, unga wa ugali wa kutosha miezi mitatu. Huo ni uzito wa nyumba. Kwa hiyo fanya hesabu kwa namba kubwa, ile ya uzito wa juu unaoruhusiwa iliyobandikwa ubavuni mwa tela, maana ukiishi humo utaifikia tu.

Matela makubwa zaidi, yale ambayo shingo yake inakaa juu ya ekseli ya nyuma ya pikapu kama semitrela, ni matulivu barabarani kuliko haya ya kufunga kwenye mkia wa gari. Lakini yanaegemeza asilimia 15 hadi 25. Tela la paundi 12,000 kwa asilimia 20 linakukalia mgongoni kwa paundi 2,400. Hapo pikapu ya kawaida imeshatoka kwenye mazungumzo, unahitaji ile nzito, ambayo mara nyingi ni ya dizeli.

Wenzetu wanaoendesha malori wana njia yao ya kumaliza ubishi, nayo ni ile ile ya Vigwaza na Mariakani: pita mizani. Vituo vingi vya malori Marekani vina mizani ya CAT Scale. Unaingia na familia yote garini, maji tangini, gesi kwenye mitungi, kila kitu kama siku ya safari, na kwa ada isiyofika dola 20 unapewa karatasi yenye uzito wa kila kundi la ekseli. Tofauti na nyumbani, huku mwenye tela lake binafsi la kuishi kwa kawaida halazimishwi kuingia mizani, wala hakuna askari anayemsubiri na faini. Ndiyo maana wengi hawapimi. Mimi nimekaa jirani na watu waliovuta miaka kadhaa bila kujua namba zao, na sikuona sababu ya kuwasifu kwa kufika salama.

Sasa mafuta. Pikapu inayokwenda maili 18 kwa galoni, ukiifunga tela la kawaida hushuka hadi maili 9 hivi. Wengi wanadhani ni uzito. Uzito unaumiza kwenye vilima na wakati wa kuondoka taa zikiwaka kijani, ila kwenye barabara kuu mla mafuta mkubwa ni upepo, kwa sababu nyuma ya pikapu unaburuta ukuta. Nguvu ya upepo hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo, hivyo kutoka maili 55 kwa saa hadi 65 inaongezeka kwa takriban asilimia 40. Chukua safari ya maili 1,000, mafuta yakiwa dola 3.50 kwa galoni. Pikapu peke yake ingekula dola 194. Ikivuta itakula 389. California imewaamulia watu jambo hili, maana gari lolote linalovuta tela mwisho wake ni maili 55 kwa saa, na ukitii sheria hiyo unaona faida yake kwenye pampu.

Mwendo unahusu pia matairi. Matairi ya tela ni aina yake, yamechapwa herufi ST, na mengi, hasa ya zamani, yameundwa kwa mwisho wa maili 65 kwa saa. Tairi la tela hufa kwa uzee kabla ya kuisha kashata, kwa sababu linasimama juani miezi mitatu, kisha linaamshwa siku moja likimbie maili 600 likiwa na mzigo kamili. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho wa namba ya DOT, yaani wizara ya uchukuzi ya Marekani: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likifika miaka mitano au sita nabadilisha, hata kama linaonekana jipya. Tairi la tela likipasuka haliishii kupasuka tu, vipande vyake huchapa sakafu ya juu yake, vinakata nyaya na mabomba, na bei ya tairi moja inageuka kuwa bei ya sakafu. Beringi nazo zifunguliwe na kupakwa grisi kila mwaka au kila maili 12,000.

Hayo yote ni ya siku za barabarani, ambazo kwa muuguzi wa mikataba ni siku nne au nane kwa mwaka. Siku nyingine zote tela limesimama, na hapo hesabu inabadilika uso.

Viwanja vya matela huuza nafasi kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi, na bei hizo haziendi kwa mstari ulionyooka. Tuseme kiwanja kinatoza dola 50 kwa siku, 300 kwa wiki na 700 kwa mwezi. Kwa usiku mmoja umelipa 50, au 43, au 23. Mwenye kiwanja anakupunguzia kwa sababu hafagii nafasi yako kila asubuhi, hatafuti mteja mpya, na umeme unajilipia mwenyewe. Mkataba wa miezi mitatu kwa bei ya mwezi ni 2,100. Mtu yule yule akilipa kwa siku, siku 91 zingemgharimu 4,550. Wala hakuna kudaiwa kodi ya miezi sita mbele kama tulivyozoea Dar es Salaam. Ila uliza msimu. Florida, Arizona na kusini mwa Texas hujaa wastaafu wanaokimbia baridi ya kaskazini, na bei ya mwezi ya Januari hapo si ile ya Agosti. Uliza pia umri, kwani viwanja vingi havipokei tela lenye zaidi ya miaka 10 mpaka wameliona kwa picha.

Ukilipa kwa mwezi, umeme unasomwa kwa mita, na hapa wengi hushtuka. Kuta za tela ni nyembamba. Kiyoyozi kimoja kinachokula kilowati 1.5, kikifanya kazi saa 12 kwa siku, kinamaliza yuniti 540 kwa mwezi. Kwa senti 15 yuniti moja hizo ni dola 81, kabla ya friji na hita ya maji. Tela kubwa lina viyoyozi viwili. Angalia pia soketi yako. Ya ampea 30 inatoa wati 3,600 tu, kwa hiyo ukiwasha kiyoyozi, maikrowevu na hita ya maji kwa pamoja, swichi inaruka. Ya ampea 50, kwa kuwa ina nyaya mbili za moto badala ya moja, inatoa wati 12,000. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko namba 30 na 50 zinavyoonekana.

Wakati wa baridi mlaji ni gesi. Hita ya tela ya BTU 30,000 (kipimo cha joto) kwa saa inamaliza galoni moja ya propeni kwa saa tatu. Mtungi mdogo wa paundi 20, yaani kilo 9, una galoni kama 4.7. Ikiwaka nusu ya muda, mtungi huo haumalizi siku moja na robo. Ndiyo maana wanaokaa majimbo ya baridi huzungushia chini ya tela ubao wa povu gumu la kuzuia baridi, wakanunua mpira wa maji wenye waya wa joto, na wakakodi tangi kubwa la gesi kwa miezi hiyo. Usipofanya hivyo, bomba likiganda na kupasuka chini ya sakafu, utajua maji yatakapoyeyuka.

Na choo, ambacho watu huona haya kuuliza. Tela lina tangi la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na tangi jingine la choo. Unapokaa muda mrefu kwenye kiwanja chenye shimo la maji machafu, unashawishika kufungua valvu zote mbili uziache wazi, kama nyumba. Nilifanya hivyo kwenye tela langu la kwanza. Maji yanatiririka, kigumu kinabaki, kinarundikana chini ya bomba la choo na kukauka kama kichuguu. Niligundua wiki ya sita. Ilinichukua siku mbili za maji ya moto na fimbo maalumu ya kunyunyizia, nikiwa nimeinama, mlango wazi kwenye baridi. Valvu ya choo ifungwe, tangi lijae theluthi mbili au zaidi, ndipo limwagwe kwa pamoja ili maji yabebe kila kitu, kisha ufungue lile la maji ya kuogea lisafishe bomba.

Wapo wanaosema kwa nini ulipe kiwanja wakati ardhi ya serikali ni bure. Ni kweli, sehemu kubwa ya ardhi ya shirikisho inayosimamiwa na BLM, idara ya ardhi ya serikali kuu, huko magharibi unaweza kuegesha bila kulipa, lakini kwa kawaida mwisho ni siku 14 ndani ya siku 28, kisha unahama. Kila kuhama ni mafuta. Kuna maeneo machache yaliyotengwa kwa wakaaji wa muda mrefu, yakiwemo La Posa karibu na Quartzsite, Arizona, ambako kibali cha msimu kinaanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Aprili. Hakuna nyaya za umeme za kuchomeka tela lako, na hospitali kubwa ziko mbali. Kwa mstaafu mwenye sola ni raha. Kwa muuguzi wa zamu ya usiku, sishauri.

Viwanja binafsi pia vina mipaka ambayo haiandikwi kwenye bango. California, kwa mfano, sheria inamtofautisha mpangaji aliyekaa siku 30 au pungufu, aliyezidi siku 30, na aliyefikisha miezi tisa, na kadiri unavyokaa ndivyo unavyokuwa mgumu kuondolewa. Baadhi ya wenye viwanja walikuwa wakiwataka watu watoke kabla hawajavuka mstari huo, hata kwa siku mbili tu, kisha warudi. Siku mbili za kulifunga tela, kukunja mabomba na kuvuta. Soma mkataba uone kama hilo limo.

Kuna mambo mawili ya karatasi ninayotaka wenzangu wayasikie, kwa sababu yamewagharimu watu ninaowajua. La kwanza ni posho. Muuguzi wa mikataba hupewa posho ya nyumba na chakula isiyokatwa kodi, kwa masharti kwamba ana makao ya kikodi mahali pengine ambayo kweli anayagharamia. Ukiuza au kuacha nyumba yako, ukahamia kwenye tela na kuzunguka nalo mwaka mzima, IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inaweza kukuhesabu kuwa huna makao, unatembea nayo, na posho yote ikawa mapato ya kukatwa kodi. Wengi hujisajili Texas, Florida au South Dakota, majimbo yasiyotoza kodi ya mapato, wakatumia anwani ya kupokelea barua. Hiyo inakupa leseni na usajili wa gari. Haikupi makao ya kikodi. Kaa na mhasibu kabla ya kununua tela.

La pili linatuhusu sisi wageni zaidi. Karibu kila mtu asiye raia, hata mwenye kadi ya kijani, anatakiwa kuijulisha idara ya uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 10 baada ya kuhama, kwa fomu AR-11. Ukihama kila wiki 13, unajaza kila wiki 13. Inajazwa mtandaoni, ni bure, na ni rahisi kuisahau ukiwa unatafuta shule ya watoto.

Basi shemeji akaniuliza swali la mwisho: auze pikapu anunue ile nzito? Tukapiga hesabu. Pikapu nzito ingemwongezea dola 30,000. Kwa mkopo wa miaka mitano na riba ya asilimia 8, hiyo ni dola 608 kwa mwezi, karibu 7,300 kwa mwaka, bila bima kubwa zaidi wala matairi ya bei zaidi. Na angeivutia tela mara nne kwa mwaka. Kuna watu kazi yao ni kuhamisha matela kwa malipo ya maili. Tukachukua dola 2.50 kwa maili, safari nne za maili 600, jumla dola 6,000. Kwa haki ya hesabu, baada ya miaka mitano pikapu ingekuwa yake, na pesa ya huyo mvuta tela ingekuwa imekwenda. Anayehama kila wiki mbili anunue gari zito bila kusita. Lakini shemeji hakuwa na uhakika kama angeishi hivi miaka mitano, na ile pikapu aliyokuwa nayo ilikuwa imeshalipwa.

Alinunua tela. Anapohama, mvutaji anakuja asubuhi. Shemeji anakagua namba yake ya usajili ya DOT na cheti chake cha bima ya mzigo kabla hajamkabidhi, anazunguka tela akipiga picha kila kona, anagusa kila nati ya gurudumu. Kisha anapanda pikapu yake na watoto, gunia la unga likiwa nyuma, wanamfuata kwa mbali kwa maili 60 kwa saa.